Dawa Iliyojificha Ndani ya Seli

Kabla ya kwenda Glasgow kusoma, nilikuwa mfamasia Dar es Salaam, na siku moja mzee aliyekuja dirishani kuchukua dawa zake aliniuliza, "Mwanangu, hiki kidonge kikishafika tumboni, kinajuaje pa kwenda?" Nikamjibu, "Mzee wangu, kinafuata damu." Yeye aliridhika. Mimi sikuridhika, kwa sababu nilijua kwamba damu huifikisha dawa mlangoni mwa seli tu, na yanayotokea nyuma ya mlango huo nilikuwa nimeyasoma vitabuni kama mtu anayesimuliwa habari za nchi asiyoifika.

Usiku nilioingia katika nchi hiyo ulikuwa wa tarehe 28 Februari. Tarehe siisahau, kwa kuwa asubuhi yake mwenzangu wa maabara, dada kutoka Kolkata, alikuwa ameleta ladu. Wahindi huadhimisha sayansi siku hiyo, kwani ndiyo siku ambayo C. V. Raman, mwaka 1928 na katika mji huohuo wa Kolkata, aligundua kwamba sehemu ndogo mno ya mwanga unaotawanywa na kitu hubadilika rangi, kulingana na jinsi molekuli za kitu hicho zinavyotikisika. Ni takriban fotoni, yaani chembe ya mwanga, moja katika milioni 10, na kazi yetu yote ilikuwa kuikamata hiyo moja.

Watafiti wengi wanaotaka kuona dawa ndani ya seli huibandika rangi inayong'aa. Sikuwahi kuipenda njia hiyo, maana rangi yenyewe inaweza kukaribia ukubwa wa dawa, na ukishaibandika umekwisha kutengeneza kitu kingine chenye tabia zake. Ponatinibu, dawa ya saratani ya damu iitwayo CML, haihitaji kubandikwa chochote. Katikati ya molekuli yake zimo kaboni mbili zilizoshikana kwa bondi tatu, na bondi hiyo hutoa kilele karibu na namba 2,220 kwenye spektra, yaani mchoro unaoonyesha mwanga umebadilika rangi kiasi gani, ndani ya eneo la kati ya 1,800 na 2,800 ambamo protini, mafuta na DNA za seli huwa kimya. Ni kama mwadhini mmoja katika mji uliolala.

Seli zetu, K562, zilitokana na mwanamke wa miaka 53 aliyeugua CML, na zilianza kukuzwa maabara kabla mimi sijazaliwa. Kwa kuwa asili yake ni damu, hazina desturi ya kushika chini ya kisahani. Jaribio la kwanza zilinielea zikapotea. La pili nilisahau kuondoa kimiminika chenye rangi nyekundu ya fenoli, nayo ikang'aa chini ya leza ya kijani hadi ikafunika kila kitu.

Yapata saa tano usiku, katika jaribio la tatu, kilele chembamba kilisimama palepale karibu na 2,220. Nilimpigia simu dada yule kwa furaha. Alifika na koti juu ya nguo za kulalia, akakitazama kwa sekunde chache, akaniagiza nipime tena nukta ileile. Kilikuwa kimetoweka. Alinieleza bila kunicheka kwamba ule ulikuwa mwale wa anga za juu, chembe iliyopita ndani ya kamera wakati nikipima, na kwamba kilele cha dawa huwa na mabega, hakisimami kama msumari. Niliona haya, hasa nilipotazama zile ndara zake zilizolowa mvua.

Hakurudi nyumbani. Tulichagua seli nyingine tukaipima nukta kwa nukta, 900 kwa jumla, nusu sekunde kila moja, na baada ya dakika saba na nusu picha ilikamilika. Nilitarajia kuona dawa imetapakaa kama chumvi katika mchuzi, lakini kiini cha seli kilikuwa giza tupu, na pembeni yake zilikaa nukta sita nyangavu. Hizo zilikuwa lisosomu, vifuko vyenye tindikali ambamo seli humeng'enya takataka zake. Ponatinibu ni besi dhaifu: ikiingia humo hupata chaji, na ikishapata chaji haiwezi kupenya utando kutoka nje. Protini iliyotumwa kuizuia iko nje ya vifuko hivyo, kwenye saitoplazimu, ute unaozunguka kiini, huku sehemu kubwa ya dawa tuliyoweza kuiona ikiwa imefungiwa jalalani.

Asubuhi tuliongeza klorokwini, ambayo hupunguza ukali wa tindikali ya lisosomu. Nilipokuwa napima ule unga mweupe nilijikuta najikuna mkono, maana sisi tuliozaliwa Tanzania kabla ya dawa hiyo kuachwa mwaka 2001 tunaijua kwa uchungu wake na kwa muwasho wake. Baada ya saa moja tulipima tena. Nukta nne zilikuwa zimezimika na mbili zimefifia, lakini mahali pengine popote ndani ya seli hapakuwa na kilele, kwa sababu dawa ikitawanyika hupungua hadi chini ya kiwango ambacho kamera ile iliweza kukiona. Kama ilikuwa imekwenda kwenye protini yake au imetoka nje ya seli kabisa, picha haikusema. Tuliandika daftarini saa na namba ya kisahani, tukaenda kwenye korido kumalizia ladu.