Nilivyopata leseni ya biashara ya mabuyu na achari nyumbani Majengo

Ukiuliza Mombasa ufanyeje ili biashara yako ya nyumbani iwe halali, wengi watakwambia nenda ukakate leseni. Mimi leseni niliikata mwisho, baada ya kumalizana na mwenye ardhi, majirani na Bwana Afya, yaani afisa wa afya ya umma. Namshauri kila mwanamke anayepika nyumbani afuate mpango huo, kwa sababu leseni ya biashara peke yake haikupi ruhusa ya kupika chakula cha kuuza, wala haigeuzi nyumba ya kuishi kuwa kiwanda.

Napika mabuyu na achari ya maembe kwenye nyumba ya mama, Majengo. Nyumba ni yetu, ardhi si yetu. Kwa msomaji wa bara, hii ndiyo nyumba bila ardhi: babu alijenga kwenye kiwanja cha watu, na mpaka leo tunalipa kodi ya ardhi kila mwezi. Majengo, Kisauni, Likoni, watu wengi wanaishi hivyo.

Hilo lina uzito mkubwa kwenye biashara. Sheria ya upangaji na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inasema ukibadilisha matumizi ya jengo kwa kiasi kikubwa, hayo ni maendelezo, na lazima upate idhini ya kaunti kwanza. Ukianza bila idhini, faini yaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili. Maombi yenyewe yanataka hati ya ardhi, na umma utangaziwe ili mwenye pingamizi aseme. Sisi hati hatunayo, na warithi wa kiwanja kile ni wengi, wengine wako ng'ambo. Njia hiyo kwetu ilikuwa imefungwa.

Basi nikaenda ofisi ya mipango kuuliza swali moja: biashara ya nyumbani inakuwa mabadiliko ya matumizi ikifika wapi? Afisa aliyenipokea alinisikiliza vizuri. Alisema wao hutazama nyumba inatumika hasa kwa nini: je, bado ni makazi ya watu? Kuna wafanyakazi wa kuajiriwa, wateja wanaoingia na kutoka, magari ya mzigo, moshi, kelele? Nikaipanga biashara kulingana na maneno yake. Tunapika mimi na mpwa wangu tu. Barazani hatuuzi, mzigo unaondoka na bodaboda kwa oda. Chumba kimoja ndicho cha kazi, vingine tunaishi.

Kisha nikamwendea mzee anayekusanya kodi ya ardhi. Nilimweleza kila kitu, na wasiwasi wake ulikuwa mmoja tu. "Mwanangu, pika upikavyo," aliniambia, "lakini usinijengee kitu." Nikaomba hayo yaandikwe. Aliandika, akatia sahihi, na barua hiyo naithamini kuliko karatasi zote nilizo nazo.

Kwa majirani nilipita nyumba kwa nyumba kabla ya kupika sufuria ya kwanza. Jirani wa nyuma ana mtoto mwenye pumu, naye alinambia waziwazi kwamba moshi wa makaa utamuumiza. Nikaacha makaa, nikanunua jiko la gesi. Na gesi ikaleta watu wa zimamoto: mtungi ukae uani penye hewa, mpira usiwe mkuukuu, na kizima moto kiwe karibu na mlango, mahali utakapokifikia bila kuvuka moto.

Ila mlango mgumu kweli ni afya. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inakataza mtu kuishi au kulala kwenye jiko au chumba kinachotumika kutayarishia au kuwekea chakula cha kuuza. Kwa nyumba zetu za Kiswahili, ambapo kila chumba kina kitanda, hapo ndipo wengi wanakwama. Chumba cha karibu na uani kilinifaa kwa ukubwa, lakini kinatazamana na choo. Nikachukua cha ubavuni, mpwa akahamia chumba cha mama, na hata godoro la akiba nikalitoa.

Bwana Afya alipokuja hakutazama karatasi kwanza. Alipitisha kidole ukutani juu ya jiko, akaona rangi inaoshika. Akauliza maji. Ya kisima chetu yana chumvi, kwa hiyo ya kupikia nanunua, nayaweka kwenye pipa lenye mfuniko na bomba, mtu asichote kwa kikombe. Dirishani nilikuwa nimetia wavu, kwa nzi na kwa paka, maana paka wa mtaa huu hawabishi hodi. Mwisho akaomba kuona ile rangi nyekundu ya mabuyu. Akageuza kopo, akasoma lebo mpaka chini. Rangi inayopimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye karatasi isiyo na jina usiilete nyumbani, hata iwe rahisi vipi. Watoto ndio wanaokula mabuyu.

Mimi na mpwa wangu tulipimwa pia, choo na vinginevyo, tukapewa vyeti vya afya. Hivyo hudumu miezi sita tu, kwa hiyo viandike kwenye kalenda.

Baada ya hapo leseni ilikuwa kazi nyepesi. Jina la biashara niliandikisha kwa simu kwenye eCitizen. Ada ya leseni hutegemea aina na ukubwa wa biashara, kulingana na jedwali la sheria ya fedha ya kaunti, kwa hiyo lisome mwenyewe. Ukijiandikisha kiholela waweza kuwekwa daraja la kiwanda au duka la jumla, na utalipia ukubwa usio nao. Lipa kwa bili rasmi pekee, risiti uihifadhi.

Shoga yangu anayepika mikate Kibokoni, Mji wa Kale, aliniuliza kuhusu kibao cha mlangoni. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi tangu 1990, kwa hiyo kabla ya kupigilia hata msumari ukutani, aulize kwanza ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa.

Sasa kuna duka la Nyali linalotaka pakiti zangu, na wanataka alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Nimeanza na lebo: viambato, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha. Mpaka alama ipatikane, nauza kwa oda tu.