Ada Mtalipa, na Haya Mengine?

Jana usiku kijana mmoja wa Ujiji kanitumia picha za fomu ya kujiunga na chuo, kurasa zote kaziweka juu ya mkeka, kidole gumba chake kimeingia kwenye kila picha. Hakuandika kitu zaidi ya "shikamoo". Basi msimu umefika. Na mimi nikarudi kwenye usaili wa Agosti 2024, pale Mwanga, Kigoma mjini, kwenye ule ukumbi wenye feni moja, ambako kamati ya klabu yetu ilikuwa inachagua wanafunzi wa kuwalipia ada ya chuo.

Mwaka ule Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, yaani miezi ileile ambayo mzazi anahangaika na pesa za chuo. Mafaili mengi yalikuwa ya watoto wa Kibirizi, Katonga na Ujiji, na kile kipengele chetu cha "kipato cha mzazi kwa mwezi" kilikuwa kichekesho. Dagaa wanavuliwa wakati wa giza. Mbalamwezi ikishika, mitumbwi inakaa, na mama anayeanika dagaa anaishi kwa mkopo mpaka giza lirudi. Ukitaka kujua hali yake muulize ananunua karai ngapi kwa giza moja, na mara ya mwisho alikopa kwa nani. Barua ya mtendaji tunaipokea, lakini zote zinasema "mazingira magumu", muhuri chini, basi. Haimtofautishi mtu na mwenzake. Kinachoangusha wengi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha kidato cha nne matatu, na kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA ile "l" imegeuka "r", kama tunavyotamka wenyewe huku. Bila hati ya kiapo, benki inagoma kumfungulia akaunti.

Binti wa Kibirizi aliingia mchana, tumeshachoka. Amechaguliwa stashahada ya uuguzi na ukunga, chuo cha serikali, mkoa mwingine. Akatuamkia mmoja mmoja, akaketi, na kabla mwenyekiti hajauliza lile swali lake la "jieleze kwa ufupi", akafungua fomu ya kujiunga juu ya meza na kuigeuza itutazame sisi.

Alikuwa ameizungushia kalamu mbili. Vya bluu ni vitu vinavyoweza kusubiri: boksi la glavu, shuka, sare ya pili. Vyekundu ni vile ambavyo bila hivyo husajiliwi: bima ya afya ya NHIF shilingi 50,400, fomu ya daktari yenye vipimo, kitambulisho cha chuo, mchango wa serikali ya wanafunzi, rimu ya karatasi, ndoo, fagio. Pembeni alijumlisha kwa penseli, akafuta, akajumlisha tena. Karatasi ilikuwa imechubuka pale. Akaweka kidole kwenye duara la kwanza jekundu.

"Wazee wangu, ada mtalipa, nawashukuru. Na haya mengine?"

Mweka hazina akasema katiba ya klabu inataja ada tu. Kweli inataja ada tu. Mama mmoja wa kamati, muuguzi mstaafu, akavuta ile karatasi, akavaa miwani, akapita mstari kwa mstari. Akafika kwenye saa yenye mshale wa sekunde, ambayo binti aliizungushia bluu. Akaomba kalamu nyekundu. "Mwanangu, hii usiiweke huko. Wiki ya kwanza tu utaambiwa uhesabu mapigo ya moyo. Utahesabu na nini?"

Binti akacheka. Sisi wengine tukaanza kubishana mbele yake, jambo lisilopendeza kwenye usaili.

Hoja iliyoshinda ilikuwa ya usajili. Bodi ya Mikopo ilikuwa imeanza kukopesha baadhi ya kozi za stashahada mwaka wa masomo 2023/24, lakini pesa ya mkopo inamfuata mwanafunzi aliyekwisha kusajiliwa. Anayekwama getini kwa sababu ya bima na ndoo, hata ada yetu imekaa tu kwenye akaunti ya chuo.

Basi tukagawa. Ada tunalipa wenyewe kwa kumbukumbu namba ya malipo, haipiti mkononi mwa mwanafunzi. Hapo napo pana mitego: namba inakwisha muda, na bili iliyowekwa kwa kiasi kamili haipokei nusu, kwa hiyo tunamwambia mwanafunzi aombe bili ya awamu mapema, kabla hatujakaa kikao cha malipo. Pesa ya duara jekundu inakwenda kwa simu, nusu akituonyesha barua ya udahili, nusu akituma picha ya risiti ya bima. Nauli mbali.

Pesa zilizokuwa za wanane zikawatosha watano. Wafadhili wetu, wenye maduka pale mjini, hawakufurahi. Picha ya watu wanane hupendeza zaidi ukutani. Na yupo mzee mmoja klabuni ambaye mpaka leo anasema afadhali wanane wenye ada, kila mmoja akahangaike na ndoo yake kwa wajomba. Nikimpinga ananitajia wale watatu waliokosa, mmoja mmoja, kwa majina na mitaa yao. Kwa hilo sijawahi kumjibu.