Siku moja maishani mwangu: mkalimani wa msafara, kutoka Korintho hadi Epidaurus

Saa 10 alfajiri. Simu inaadhini, naamka. Naishi Kypseli, mtaa wa Athens wenye Waafrika wengi, na mwezi huu wa Juni alfajiri inawahi mno. Nikishasali nateleka chai ya tangawizi na kufungua daftari langu. Lina miaka tisa sasa, jalada limeshachoka. Ndani hamna tarehe za wafalme, mna maneno tu. Kila kitu nilichokutana nacho kwenye magofu ya Ugiriki nikakosa jina lake kwa Kiswahili, nimekiandika humo, na naendelea kukitafutia jina mpaka nilipate.

Nieleze kazi yenyewe. Hapa Ugiriki, kuongoza watalii ndani ya maeneo ya kale ni kazi ya wenye leseni, kwa hiyo kila msafara wetu una dada wa Kigiriki aliyesomea kazi hiyo. Mimi husimama kando yake, akieleza yeye, nageuza mimi kwa Kiswahili. Leo nina wageni 26 kutoka Moshi, Arusha na Nairobi, Wakristo wanaofuata nyayo za Mtume Paulo. Mimi ni Mwislamu wa Pangani. Matendo ya Mitume nimeisoma mara nyingi sana, maana mgeni aliyeweka akiba miaka mitatu ili asimame Korintho anastahili kusikia pale maneno yaleyale aliyokua nayo, si niliyojitungia njiani.

Saa 1 kamili asubuhi. Basi linaondoka hotelini. Wakati wa kiangazi saa za Ugiriki huwa sawa kabisa na za nyumbani, na jambo hilo dogo linanisaidia sana: nikisema saa moja, ni saa moja, hakuna wa kupiga hesabu. Nahesabu watu mara mbili, nagawa maji, nagawa redio ndogo za kuvaa shingoni zenye waya wa sikioni.

Ratiba iliyotoka kwa wakala ilikuwa na vituo vitano, pamoja na mji wa Nafplio. Jana usiku nilimwendea kiongozi wao nikamwambia, "Baba mchungaji, Nafplio ni pazuri, lakini tukiingia huko wazee watafika Epidaurus miguu imekwisha." Akanisikiliza, tukaufuta. Hili nalisimamia kila msafara, hata kama kuna mtu atanuna. Afadhali mgeni aone sehemu nne akiwa amekaa chini na kusikiliza kuliko kupitishwa tano mbiombio. Na dereva naye ana sheria yake: akiendesha kwa muda wa saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45, na kuna kifaa kinachorekodi kila dakika.

Saa 2:20. Mfereji wa Korintho. Watu wanashuka, wanakwenda chooni, wanasogea darajani kutazama chini. Urefu wake ni kama kilomita 6.4, umekatwa kwenye mwamba mtupu, ukamalizika mwaka 1893. Kaisari Nero aliwahi kujaribu mwaka 67 BK, na maelfu ya mateka wa Kiyahudi walipelekwa kuchimba. Nilipofika hapo kwenye maelezo, kijana mmoja wa Nairobi aliyekuwa akipiga picha alishusha simu yake. Hakupiga tena mpaka tulipopanda basi.

Saa 3 na robo. Korintho ya kale, na hapa hatuna haraka. Jua bado lina adabu. Mbele yetu nguzo saba za hekalu la Apollo, zimesimama tangu karne ya 6 KK, kila moja imechongwa kutoka jiwe moja. Nyuma yake mlima wa Acrocorinth, mita 575. Dada wa Kigiriki anaeleza jinsi Warumi walivyouvunja mji mwaka 146 KK, ukakaa karibu miaka mia hivi hivi, hadi Julius Caesar alipoamuru ujengwe upya mwaka 44 KK. Wageni wangu wanalishika hili haraka: Korintho aliyoiingia Paulo ulikuwa mji mpya wa Kirumi, umejaa watu waliokuja kutafuta maisha, wafanyabiashara, mabaharia, watumwa walioachwa huru. "Kama Dar," anasema mwalimu mstaafu mmoja. Ni kweli. Mji wa wageni watupu, na ndani yake Akila na Prisila wanashona mahema.

Tunafika kwenye bema. Ni jukwaa la mawe, si kubwa, linatazama uwanja wa soko. Neno lenyewe la Kigiriki maana yake ni mahali pa kupanda na kusema, lakini siligeuzi hivyo. Nasema, "Hapa ndipo kwenye kiti cha hukumu," na nasikia pumzi za watu zikibadilika. Neno hilo wamelisikia kanisani tangu utotoni.

Mlinzi anatusogelea. Dada wa Kigiriki anamweleza kwamba hatutaimba, tutasoma tu kwa sauti ya chini, naye anaitikia kwa kichwa na kurudi kivulini. Mchungaji anafungua Matendo 18. Alipofika kwenye maneno "Galio alipokuwa liwali wa Akaya", yule kijana wa Nairobi akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, liwali ni nini?"

Nilifurahi mpaka moyoni. Neno hilo ni la kwetu pwani. Pangani, Tanga, Mombasa, Bagamoyo, miji yote hiyo ilikuwa na liwali aliyewekwa na Sultani wa Zanzibar. Ndiye aliyeamua kesi, na mbele yake watu walikuja na mashtaka yao na makelele yao. Bibi yangu alikuwa akituonyesha upande ilikokuwa nyumba ya liwali. Watu waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili walipotafuta jina la mtawala wa Kirumi aliyetumwa mbali na mfalme wake, hawakwenda kulitafuta mbali, walilikuta pwani. Nikamwambia yule kijana, "Mfikirie liwali barazani, watu wamejaa mbele yake, anawaambia ugomvi wa dini yenu kamalizaneni wenyewe. Ndiye Galio." Akacheka, akageuka kulitazama lile jukwaa upya.

Nikaongeza habari ya jiwe la Delphi, ambalo tutaliona kesho: barua ya Kaisari Klaudio ya mwaka wa 52 BK hivi, inayomtaja Galio. Kwa jiwe hilo wataalamu wanaweza kuweka miaka ya Paulo hapa Korintho mahali pake.

Saa 6:40 mchana. Mycenae, ngome ya kale juu ya kilima. Jua sasa linapiga kweli, na mawe ya njia yamesuguliwa na miguu ya watu mpaka yanateleza. Namshika mkono Bibi wa Machame, ana miaka 74 na goti moja linamsumbua. Tunapanda taratibu hadi Lango la Simba, lililojengwa yapata mwaka 1250 KK. Kwenye daftari langu lango hili limekaa vizuri, kwa sababu mlango wa Kiswahili una majina yake yote: miimo miwili huku na huku, na kizingiti cha juu. Kizingiti hiki kina uzito wa kama tani 20. Juu yake simba wawili wamesimama, miguu ya mbele wameiegemeza chini ya nguzo moja.

Bibi alitazama kwa muda mrefu. "Mwanangu, vichwa vyao viko wapi?"

"Vilichongwa peke yake, Bibi, vikapachikwa. Vimepotea."

Akanionyesha matundu ya kupachikia, shingoni kwa simba. Nimepita chini ya lango lile mara nyingi sana, na sikuwa nimewahi kuyatazama vile. Akasema hawezi kupanda zaidi. Mlinzi akamletea kiti cha plastiki kivulini, akakaa hapo na chupa yake ya maji, sisi tukaendelea na duara la makaburi ambako Heinrich Schliemann alichimba mwaka 1876 na kutoa vinyago vya dhahabu. Kile maarufu, wanachokiita cha Agamemnon, mfalme ambaye hadithi zinasema aliwaongoza Wagiriki kwenye vita ya Troya, kiko Athens, nacho ni cha zamani kuliko vita hiyo yenyewe kwa karne kadhaa.

Tukarudi kumchukua, tukashuka pamoja hadi kaburi wanaloliita Hazina ya Atreus. Ukiingia kuna ubaridi wa ghafla, na watu wote hunyamaza. Ni kuba, neno tunalo, mawe yamepangwa duara juu ya duara bila chokaa mpaka yakakutana juu, mita 13 na zaidi. Nilizima redio, nikawaacha.

Saa 8:30. Chakula kijijini. Ninataja jambo moja tu. Kulikuja sahani ya majani ya kuchemsha, mafuta ya zeituni na limau juu, Wagiriki wanayaita vlita. Akina mama wakatazamana. "Hii si mchicha?" Ni jamii ya mchicha hasa. Waliagiza sahani nne nyingine, na mwenye mgahawa akatoka jikoni kuwaangalia wakila.

Saa 10 na nusu alasiri. Epidaurus. Kabla ya ukumbi wa michezo ya kuigiza tunapita kwenye patakatifu pa Asklepios, mungu wa uponyaji wa Wagiriki wa kale. Wagonjwa walikuja hapa kutoka Ugiriki yote, wakaoga, wakatoa sadaka, wakalala ndani ya jengo maalumu wakingoja mungu aje ndotoni. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikisema "madaktari" wa Asklepios, na niliona wageni hawaelewi kwa nini daktari anaishi hekaluni. Nikisema "makuhani", matibabu yanapotea. Leo nilisema waganga.

Kukawa na minong'ono. Mchungaji akauliza, "Waganga wa kienyeji, dada?" Nikamjibu, "Na Mganga Mkuu wa Serikali, baba mchungaji, kule wizarani? Naye tunamwita mganga." Akatabasamu. Kiswahili kimeacha mlango huu wazi, dawa na mizimu na hospitali vikapita pamoja, na ndivyo ilivyokuwa hapa: kulikuwa na visu vya kupasulia na kulikuwa na nyoka watakatifu. Nikawasimulia habari iliyochongwa kwenye jiwe la karne ya 4 KK lililopatikana hapahapa, ya Ambrosia wa Athens, kipofu wa jicho moja, aliyewacheka waliodai kuponywa. Akalala, akaota mungu akimwambia atamponya, lakini aweke hekaluni nguruwe wa fedha kama ukumbusho wa ujinga wake. Asubuhi akatoka anaona.

Kisha ukumbi. Safu 55 zimepanda kilima kama mkono uliofunguliwa, zenye nafasi ya watu zaidi ya 12,000. Watu huambiwa kwamba mnong'ono wa chini unafika juu kabisa. Watafiti wa chuo kikuu cha Eindhoven, Uholanzi, walipima na kutoa matokeo mwaka 2017: mnong'ono haufiki, ila sauti ya mwigizaji anayeipaza kwa kifua chote inafika hadi safu ya mwisho. Nawaambia hivyo hivyo, sipendi kumpa mgeni uongo mtamu.

Vijana wakapanda hadi juu. Bibi wa Machame alibaki nami chini, kwenye duara la udongo lililozungushiwa jiwe. Akasogea katikati, akaweka mkoba wake chini, akaita:

"Hodi!"

Ikapanda safu kwa safu. Kukawa kimya kidogo, halafu kutoka juu kabisa sauti ishirini zikashuka kwa pamoja: "Karibuuu!"

Watalii wengine waliokuwa wamekaa walipiga makofi. Mimi sikuweza kusema kitu. Bibi akaokota mkoba, akatazama lile duara chini ya viatu vyake, akaniuliza, "Hapa ndipo walipokuwa wanacheza ngoma?"

Saa 3 usiku. Nyumbani. Barabarani wengi walilala, nikahesabu vichwa 26 mlangoni mwa hoteli, nikapanda basi la mtaani. Miguu imevimba kidogo, nimeiweka kwenye beseni.

Daftari liko mapajani. Ukurasa mmoja una neno *orchestra*, jina la duara kama lile la Epidaurus, na mbele yake pametupu miaka miwili. Nimejaribu "jukwaa", si jukwaa. Nimejaribu "uwanja wa kwaya", haukutosha, kwa sababu kundi lililosimama pale wakati wa maigizo liliimba na kucheza kwa pamoja, na jina lenyewe la Kigiriki limetokana na kucheza. Nimeandika: *uwanja wa ngoma*. Pembeni nikaandika: *Bibi wa Machame, Epidaurus, Juni.*

Kesho ni Delphi. Basi saa 12 na nusu.