Siku yangu hospitalini Tabora: dizeli, baiskeli na tarehe ya kliniki

Saa 12:15 asubuhi. Natoka nyumbani Ipuli kwa baiskeli. Mji wetu ni tambarare, miembe ya kando ya barabara inatoa kivuli, na saa hizi wauza maziwa na wanafunzi wote wako juu ya pedeli. Mji wenye usafiri wa namna hii una neema ambayo miji mingine inaitafuta kwa gharama kubwa.

Mimi ni afisa afya mazingira katika hospitali moja hapa Tabora. Kazi niliyoizoea ni taka, maji na vyoo. Sasa nimeongezewa jukumu la kupunguza hewa ukaa inayotokana na hospitali yenyewe, nami nalipenda kwa dhati, maana kila nilipoligusa nimekuta na nafuu ya mgonjwa ndani yake.

Saa 1. Naanzia nyuma ya jengo, kwenye jenereta. Usiku umeme ulikatika. Nasoma daftari la mlinzi: liliwashwa lini, likazimwa lini, kwenye tenki imebaki dizeli kiasi gani. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Watu hushangaa, kwa kuwa lita yenyewe haifiki hata kilo moja. Uzito uliozidi ni wa oksijeni: kaboni ya kwenye mafuta inaungana na oksijeni ya hewani, na mzigo unaopanda angani unakuwa mkubwa kuliko tulioununua.

Umeme wa gridi ukiwepo hali ni tofauti kabisa. Sehemu kubwa ya umeme wa nchi yetu inatokana na maji, na Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji peke yake lina uwezo wa megawati 2,115. Kwa hiyo vita yetu iko kwenye zile saa za kukatika. Tulimwomba fundi atenganishe laini. Chumba cha upasuaji, oksijeni, watoto njiti, friji za damu na za chanjo vinabaki kwenye jenereta. Viyoyozi vya ofisini vinasubiri TANESCO. Kulikuwa na manung'uniko, lakini mtoto njiti hawezi kusubiri, na ofisa anaweza kufungua dirisha.

Saa 2 na nusu. Wodini, ndoo za taka. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 85 ya taka za hospitali ni za kawaida, sawa na za majumbani. Ganda la ndizi likitupwa kwenye ndoo nyekundu linakwenda kuchomwa pamoja na bandeji zenye damu, na linakula mafuta bure. Nazungumza na wahudumu wa usafi, kisha naondoka.

Saa 4. Kliniki ya presha na sukari. Hapa huwa nakaa muda mrefu.

Mabenchi yamejaa. Naketi karibu na bibi mmoja ambaye kadi yake ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni, akaifunga tena kwenye pindo la kitenge. Shikamoo bibi. Marahaba, mjukuu wangu. Ametoka kijijini Sikonge. Alipanda bodaboda hadi barabara kuu, akapanda gari mpaka stendi, akalala kwa mwanawe Isevya, na asubuhi akapanda bodaboda nyingine mpaka hapa. Kutoka Sikonge mjini tu ni kama kilomita 70. Amepimwa: 130 kwa 80. Dawa ni zilezile, dozi ni ileile. Anapewa za mwezi mmoja na tarehe ya kurudi.

Namuuliza: bibi, ukipewa za miezi mitatu utazitunza?

"Mahindi ya mwaka mzima nayatunza, nitashindwa na vidonge?"

Wenzetu wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, walishafika huko. Mteja ambaye hali yake imetulia hupewa dawa za miezi mitatu, hata sita, na vipimo vinafuata ratiba yake. Sioni kwa nini mgonjwa wa presha aliyetulia achome petroli kila mwezi, na nauli ya kuuza kuku, kuja kuambiwa endelea hivyohivyo. Katikati hapo zahanati ya kijijini inaweza kumpima presha. Kuna ambao lazima waje: ambaye presha yake inapanda na kushuka, mjamzito, aliyebadilishiwa dawa. Na dharura haiingii kwenye hesabu hii hata kidogo. Mama mjamzito akiombewa usafiri kwa m-mama, namba 115, gari liondoke hapohapo.

Saa 7 mchana. Ubwabwa na maharage. Muuguzi mmoja ananiuliza, sisi wa Tabora tunachafua nini cha kulinganishwa na Ulaya? Swali la haki. Ripoti ya shirika la Health Care Without Harm ya mwaka 2019 ilikadiria kuwa huduma za afya duniani zinatoa asilimia 4.4 ya hewa ukaa yote, na nchi tajiri ndizo zinazobeba sehemu kubwa. Nchini Uingereza, NHS, yaani huduma ya afya ya umma, imejiwekea lengo la kufikia sifuri halisi, yaani kutoongeza tena hewa ukaa angani, mwaka 2040 kwa uchafuzi inaoudhibiti moja kwa moja. Wao wana deni kubwa. Ila dizeli yetu tunailipa sisi, na moshi wa jenereta unaingia kwenye madirisha ya wodi zetu.

Halafu namwonyesha baiskeli za watumishi zilizoegeshwa juani, siti zinaunguza na matairi yanaisha upepo. Wenye baiskeli wanahamia kwenye bodaboda kwa sababu ndogo kama hizo: hakuna banda, hakuna pa kufunga mnyororo, hakuna chumba cha muuguzi kubadilishia sare. Nimeandika ombi la bati, nguzo na mlinzi.

Saa 8 na nusu. Ratiba ya magari. Lendikruza mbili zimeombwa kwenda Urambo katika wiki ileile, na idara mbili tofauti. Nawapigia simu wakuu wa idara wote wawili. Wanakubali kwenda pamoja Alhamisi, na sampuli za maabara zitarudi na gari hilohilo.

Saa 10 jioni. Kikao na daktari wa kliniki na mfamasia. Daktari yuko tayari. Mfamasia anaweka sharti: akigawa miezi mitatu kwa mkupuo na stoo ikakauka, wa mwisho kwenye foleni atarudi mikono mitupu, na huyo naye ametoka mbali. Ana haki. Tunakubaliana kuanza na wagonjwa waliotulia wanaotoka nje ya mji, na yeye aongeze amlodipini ya presha na metformini ya sukari kwenye oda ijayo. Kesho asubuhi nitakaa na karani wa kliniki tupitie kadi, tukianza na za Sikonge.