Jino lililomeguka kidogo na kompoziti

Rangi ya kompoziti (plastiki ngumu ya rangi ya jino inayojaza palipomeguka) ichaguliwe mapema, jino likiwa bado na unyevu. Jino likikauka huonekana jeupe kuliko lilivyo, ndiyo maana wengine hutoka na kiraka cheupe mdomoni. Kisha asidi ya fosforiki ya 37% hupakwa kwenye enameli (tabaka gumu la nje la jino) kwa sekunde 15 hadi 30 na kuoshwa, gundi hufuata, halafu kompoziti kwa tabaka zisizozidi milimita 2, kila moja ikigandishwa kwa taa ya bluu. Mate yakigusa hapo kabla ya gundi, hatua ya asidi irudiwe, la sivyo kompoziti itabanduka tu.

Unataka pia meno meupe? Yang'arishwe kwanza, usubiri kama wiki 2: oksijeni ya dawa ya kung'arisha inayobaki kwenye jino hudhoofisha gundi, na kompoziti yenyewe haing'ariki kwa dawa. Na ili jino lisimeguke tena, kutafuna kucha acha kabisa.