Maharage Tisa

Januari 2010, wiki ya kwanza ya Kidato cha Tatu, mwalimu wa taaluma aliingia darasani na karatasi mbili. Moja aliibandika kulia mwa ubao, nyingine kushoto. Kulia sayansi, kushoto sanaa. "Mpaka Ijumaa kila mtu awe ameandika jina lake," akasema. Alipofika mlangoni akageuka: "Na msifuate marafiki. Fizikia haina mwalimu."

Hilo tulilijua. Shule yetu ya kata, huku milimani Mbinga, ilikuwa changa bado, na maabara ilikuwa kuta bila paa. Fizikia ya Kidato cha Kwanza tulifundishwa na kijana aliyekuwa amemaliza Kidato cha Sita. Alipopata chuo akatuaga. Ya Kidato cha Pili tuliinakili kutoka madaftari ya waliotutangulia, ambao nao waliinakili sijui kwa nani. Kufikia Jumatano karatasi ya kushoto ilikuwa imejaa hadi pembeni. Ya kulia ilikuwa na majina manne, yote ya wavulana.

Mimi nilikuwa na siri. Mwaka uliotangulia walikuja wapimaji kupima mpaka wa kijiji chetu na cha jirani. Walipita katikati ya ngoro zetu, yale mashamba ya mashimo ya mteremkoni, na chombo chao cha miguu mitatu, mmoja anachungulia, mwenzake yuko ng'ambo ya bonde ameshika fimbo yenye rangi nyekundu na nyeupe. Wakasimika bikoni ya zege kando ya kahawa ya baba mdogo, na ugomvi wa miaka mingi ukaisha mchana mmoja. (Au tuseme ulihamia kwenye mambo mengine.) Nilimfuata yule mchunguliaji nikamuuliza amesomea nini. Hakunicheka. Akasema Kidato cha Tano alichukua PGM, yaani Fizikia, Jiografia na Hesabu, kisha akaenda chuo cha Ardhi, Dar es Salaam. "Ukiiacha Fizikia Kidato cha Tatu, hiyo kombi huioni tena."

Alhamisi nilikwenda ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe Kiswahili una A, Historia B. Nenda sanaa, HKL inakungoja: Historia, Kiswahili, Kiingereza. Fizikia utapata F, itakuchafulia cheti, na shule nayo..." Hakumalizia. Hakusema kwa ubaya. F zikiongezeka, aliyeitwa wilayani kujieleza ni yeye. Hayo nilikuja kuyaelewa ukubwani. Siku ile nililia njia nzima.

Nyumbani nilimkuta Mama ukumbini na ungo wa maharage, akichagua. Mama aliishia darasa la saba. Alinisikiliza bila kuinua macho.

"Huo mtihani wa Kidato cha Nne wanahesabu masomo mangapi?"

Nikamweleza: divisheni hutoka kwenye masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, hivyohivyo mpaka F ambayo ni 5. Zinajumlishwa, ukiwa na 7 hadi 17, ni divisheni wani.

"Na wewe utafanya mangapi?"

Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Baiolojia, Hesabu. Hayo saba ni ya lazima. Nikiongeza Kemia na Fizikia, tisa.

Akapanga maharage tisa kwenye ukingo wa ungo. Moja akalirudisha, akatafuta lililotobolewa na wadudu, akaliweka mahali pake. "Hili Fizikia. Bovu." Akalisukuma kwa kidole, likaanguka chini, kuku akaliwahi. "Yamebaki manane. Wenyewe wanataka saba. Sasa hiyo F inakuuma wapi?"

"Itaonekana kwenye cheti, Mama."

"Ionekane. Huyo wa chuo anayeitaka Fizikia, usipoifanya ataona nini?"

Sikuwa nimewahi kuipiga hesabu hivyo, na msomi nyumba nzima nilikuwa mimi.

Ijumaa nikaandika jina langu kulia, la tano. Mwalimu wa taaluma alilisoma, akatoa penseli, akaweka alama ya kuuliza mbele yake. Hakulifuta.

Fizikia tuliisoma Jumamosi, sote watano, kwa kijana mmoja wa kijijini aliyekuwa akisubiri matokeo ya Kidato cha Sita. Tulimlipa mahindi. Alipoondoka tukaendelea wenyewe. Pendulamu tuliifunga kwenye tawi la mparachichi, jiwe na uzi, saa ya mkononi ya baba mdogo ikitupa sekunde. Uzi ulikatika mara nyingi kuliko tulivyopata majibu.

Matokeo yalitoka 2012. Niliyasoma mjini Mbinga, kwenye duka la intaneti, shingo imerefuka nyuma ya watu sita. Fizikia C. Hesabu D. Hesabu, somo la lazima, lenye mwalimu, ambalo hakuna aliyelitilia shaka. Kwenye selfomu, ile fomu ya kuchagua kombi, nilikuwa nimejaza PGM, halafu PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hesabu, na zote zina M ya Hesabu. Nilipangiwa HGK, Historia, Jiografia na Kiswahili. Sikwenda, mwishowe nilianza upya na cheti cha upimaji, Chuo cha Ardhi Morogoro.

Lakini siku ile, nje ya lile duka, nilimpigia Mama simu nikamsomea somo kwa somo. Alikaa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Kumbe," akasema, "tulimpa kuku harage silo."