Chembe Sahani Zinapopanda Penye Saratani

Hapa Mombasa, chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, zimezoeleka majumbani kwa sababu ya homa ya dengi: mgonjwa akilazwa tu, jamaa huuliza zimeshuka hadi ngapi. Kupanda kwake hakuulizwi. Karatasi ya majibu yenye 600,000 kwenye mstari wa PLT, yaani chembe sahani, na herufi H ya kuonyesha kuwa zimezidi pembeni, ilhali kiwango cha kawaida ni kati ya 150,000 na 450,000 kwa kila maikrolita, aghalabu hukunjwa ikatiwa mkobani. Naamini inastahili kusomwa kwa umakini uleule, na sababu mojawapo imeonekana kwa panya wenye uvimbe.

Chembe sahani humegeka kutoka kwa seli kubwa mno zilizo katika uboho wa mifupa. Kinachoziamuru seli hizo kukua ni thrombopoietini, protini inayotengenezwa hasa na ini na kusambaa katika plazma, yaani majimaji ya damu. Kwa mtu mwenye afya, chembe sahani zenyewe huinasa protini hiyo na kuimeza, hivyo zinapokuwa nyingi protini hupungua, na zinapokuwa chache hubaki tele katika plazma na kuuchochea uboho. Huu ni mpango wa kustaajabisha, kwani kinachodhibitiwa ndicho pia kinachodhibiti.

Saratani huuvuruga. Mwaka 2012, kundi la watafiti la Anil Sood huko Houston, Marekani, lilichapisha matokeo ya panya wenye saratani ya ovari. Uvimbe ulitoa intaleukini 6, protini ambayo seli hutumia kupashana habari, nayo ikalisukuma ini litengeneze thrombopoietini kupita kiasi, na chembe sahani zikaongezeka. Watafiti walipouzima utengenezaji wa protini hizo mbili, ongezeko hilo likatoweka. Na panya walipopewa kingamwili ya kuangamiza chembe sahani, ukuaji wa uvimbe wenyewe ulipungua. Yaani uvimbe hujiongezea chembe zinazoukuza. Miongoni mwa wanawake 619 wenye saratani hiyo, asilimia 31 walikuwa na chembe sahani zaidi ya 450,000 walipogunduliwa, nao waliishi muda mfupi kuliko wenzao.

Si kila aliye na idadi kubwa ana saratani, hasha. Mara nyingi chanzo ni maambukizi au upungufu wa madini ya chuma. Lakini hayo yakishatibiwa na idadi ikabaki juu, mgonjwa ana haki ya kumwomba daktari aendelee kutafuta chanzo.